Baada ya Cheti

Busia, upande wa Uganda, mizigo mingi ya asubuhi hupita juu ya baiskeli za magurudumu matatu. Baiskeli hizo huendeshwa kwa mikono, pedali zikiwa usawa wa kifua, na nyuma ya kiti pamechomelewa kichanja cha chuma kinachobeba magunia ya sukari, katoni za sabuni na madumu ya mafuta ya kupikia. Wengi wa waendeshaji ni wanaume wa makamo ambao polio iliwakausha miguu wangali watoto. Barabara inapopanda, vijana wazima wa miguu husukuma kwa nyuma, na jioni hulipwa ujira wao na mwenye baiskeli.

Mwanaanthropolojia Susan Reynolds Whyte na mwenzake Herbert Muyinda waliwaandika wafanyabiashara hawa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007. Walieleza jinsi maofisa wa forodha walivyokuwa wakiwalegezea masharti watu wa baiskeli hizi, na jinsi upenyo huo mdogo ulivyowapa riziki. Siku hizi upenyo umepungua thamani. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa rasmi Februari 2018, na mfanyabiashara mdogo yeyote wa Afrika Mashariki mwenye bidhaa chache za humu kwetu anaweza kuvuka nazo kwa cheti chepesi cha asili ya bidhaa. "Zamani tulikuwa na mlango wetu peke yetu," mwendeshaji mmoja aliniambia huku akikaza mnyororo. "Sasa umepanuliwa, dada, wanapita wote. Mimi nimebaki na wateja walionizoea na wenzangu wa chama. Bila chama ningekuwa nimeshakaa nyumbani."

Nilivuka hapo nikiwa na swali lililonitoa kwetu Tanga. Kaka yangu mkubwa hutembea kwa magongo. Ujanani alisomea ufundi wa redio, akafaulu, akapewa cheti chenye muhuri na picha yake. Hakuna aliyewahi kumwajiri kwa cheti hicho. Kilichomlisha ni meza ndogo mbele ya duka la mjomba wetu, na mjomba mwenyewe, aliyekuwa akiwaambia wateja, "Mpeni huyu, anaweza." Nimesoma na kuandika mengi kuhusu vyuo na miradi ya watu wenye ulemavu, na karibu kila habari huishia kwenye mahafali, watu wakipiga picha na vyerehani vipya. Safari hii nilitaka kuanzia pale mahafali yanapokwisha. Nilichagua mashariki ya Uganda kwa sababu nchi hiyo, kwa upande wa sheria, iliwatangulia majirani zake, na nilitaka kuona sheria nzuri inamfikisha wapi fundi anayetafuta mteja.

Jinja humpokea mgeni kwa miwa. Mashamba ya Kakira yanaanza mapema, kijani kibichi pande zote mbili, na trela za miwa zinafuatana kuelekea kiwandani. Ndani ya mji, Main Street bado ina majengo ya zamani ya Wahindi yenye baraza pana, mengine yakiwa na mwaka wa ujenzi uliochongwa juu ya mlango. Waliojenga wengi walifukuzwa na Amin mwaka 1972, viwanda vikadorora, na mji ukachukua miaka mingi kuinuka. Baraza zao zimebaki, na ni humo wanamokaa mafundi cherehani.

Nilifikishwa kwa mmoja wao na kijana wa shirika dogo la mtaani linalowafuatilia waliomaliza mafunzo. Fundi ni mama wa makamo, kiziwi tangu utotoni. Ukutani ametundika ubao aliouchora mwenyewe: mikono inayoonyesha kiuno, bega, urefu wa mkono, na chini yake tarakimu. Mteja mpya huelekeza kidole, naye huandika vipimo kwenye daftari na kuchora gauni lenyewe pembeni, kola na mshono. Mteja anatia sahihi kwenye mchoro. "Hapo hakuna kubishana siku ya kuchukua," kijana alinitafsiria kutoka lugha ya alama. Nikauliza kama mafundi wenzake kwenye baraza wanajua lugha hiyo. Mama akacheka, akampungia mkono jirani yake, na jirani, mwanamume mwenye kofia ya kitambaa, akaniuliza kwa alama kama nimekula.

Habari yake ya kazi ni ndefu kuliko ya mafunzo. Alisoma mwaka mmoja. Siku ya kuhitimu kila mmoja alipewa cherehani, mkasi, futi kamba na jora la kitambaa cha kuanzia. Baada ya miezi kadhaa, wengi wa wenzake walikuwa wameshauza vyerehani vyao. Nimewahi kusikia wafadhili wakilitaja jambo hili kwa hasira, kama ushahidi kwamba watu hawa hawasaidiki. Nilimuuliza. Alijibu kwa mikono ya haraka, na kijana akamwomba apunguze kasi ili aweze kunifuata: "Hawakuuza kwa uvivu. Cherehani isiyo na mahali pa kuwekwa ni chuma tu. Mmoja aliweka chumbani kwa shangazi yake kijijini, wateja wake walikuwa kuku. Mtoto akaugua, chuma kikauzwa."

Yeye hakuuza kwa kuwa huyu kijana, au aliyemtangulia katika kazi hiyo, hakumwacha. Alikwenda naye kwa mwenye baraza na kukaa kwenye mazungumzo ya kodi, ili mama asitajiwe bei moja kwa maandishi na nyingine kwa mdomo. Shirika likachangia nusu ya kodi kwa miezi ya mwanzo, likipunguza kidogo kidogo. Kijana alikuja kila wiki, baadaye kila mwezi, akiwafundisha majirani wa baraza alama za kazi: kesho, tayari, kipunguze, hujalipa. Huduma yenyewe ilikuwa hiyo: kukaa kwenye benchi la mbao na kuwazoesha watu wanane waishi na mtu wa tisa. Sasa mama ana msichana wa kumsaidia, anayesikia, ambaye hupokea simu na kujifunza kukata. Msichana ndiye aliyenikabidhi stakabadhi ya kitenge nilichoshonesha.

Niliondoka kwenye baraza ile nikiwa na hakika juu ya jambo moja ambalo sehemu iliyobaki ya safari ilizidi kulipa nguvu. Mtu mwenye ulemavu haangukii darasani. Huanguka kati ya darasa na mteja, na hapo ndipo miradi mingi huwa imeshafunga hesabu.

Mpumudde, kitongoji cha Jinja, kina historia inayonigusa kila ninapoikumbuka. Hapo ndipo alipofariki Omukama Kabalega wa Bunyoro, tarehe 6 Aprili 1923, akirejeshwa nyumbani baada ya miaka mingi ya uhamisho visiwani Shelisheli. Waingereza walipomkamata mwaka 1899 walikuwa wamempiga risasi mkononi, na mkono huo ulikatwa. Mfalme wa mkono mmoja alikata roho kabla ya kuifikia nchi yake. Miongo kadhaa baadaye, katika kitongoji hicho hicho, serikali iliweka kituo cha kuwafundisha kazi watu wenye ulemavu, mojawapo ya vituo kadhaa vya aina hiyo, kama Kireka karibu na Kampala na Ruti huko Mbarara. Useremala, ushonaji, viatu, ususi wa vikapu: mtu anafundishwa na kutengeneza bidhaa chini ya paa moja, serikali ikiwa mnunuzi na mlezi. Mfumo huo ulifaa kwa wakati wake, na kuna wazee mashariki ya Uganda wanaoukumbuka kwa heshima. Udhaifu wake ni kwamba ulimtenga fundi na soko. Serikali ilipoyumba miaka ya sabini, na mnunuzi pekee akatoweka, paa lile halikuwa na mlango wa pili.

Jinja nilizungumza pia na diwani mmoja anayewakilisha watu wenye ulemavu, mama anayetumia kiti cha magurudumu. Kwa Mtanzania cheo chake ni cha kushangaza. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 inaagiza kila baraza liwe na wawakilishi wawili wenye ulemavu, mwanamke na mwanamume, na Bungeni wametengewa viti vitano. Haya hayakuja yenyewe. Umoja wa kitaifa wa watu wenye ulemavu, NUDIPU, uliundwa mwaka 1987, wakati nchi inatoka vitani, ukavileta pamoja vyama vya viziwi, wasioona na wenye ulemavu wa viungo, na uliingia kwenye mjadala wa Katiba ukiwa na sauti moja. Katiba ya 1995 ikakataza ubaguzi na kuitaka nchi iendeleze lugha ya alama. Mwaka uliofuata Alex Ndeezi, kiziwi, akaingia Bungeni akiwa na mkalimani wake.

"Watu huniuliza kiti changu kinaleta chakula gani mezani," diwani aliniambia. Akanipa mfano wa soko la ghorofa. Vizimba vilipogawiwa, majina ya watu wenye ulemavu yalichanganywa na ya wengine na kura ikapigwa, kwa hiyo kuna waliopangiwa juu. Yeye na mwenzake walisimama barazani hadi ikakubaliwa kwamba asiyeweza kupanda ngazi apewe kizimba cha chini. Muuza dagaa mmoja mwenye magongo alihamishwa kwa uamuzi huo, na bado yupo sokoni. Huo ndio ushindi aliouchagua kunieleza, kati ya yote ya muhula wake, nami nauona ni mkubwa.

Kuhusu waajiri wa viwandani alikuwa na maneno makali zaidi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2006 iliahidi mwajiri binafsi mwenye wafanyakazi kumi au zaidi wenye ulemavu punguzo la kodi la asilimia 15. Baadaye sheria ya kodi ya mapato ikaliteremsha hadi asilimia 2, na sharti likawa asilimia 5 ya wafanyakazi wote. Sheria mpya ya 2020 inakataza ubaguzi kazini kwa lugha iliyo wazi. "Lakini mwajiri hasomi sheria," alisema. "Anamwangalia mtu akiingia getini, na hapo hapo ameshaamua." Ndiyo maana aliusifu mpango wa Light for the World uitwao Make 12.4% Work. Jina limetokana na sensa ya 2014, iliyoonyesha kwamba asilimia 12.4 ya Waganda wa umri wa miaka miwili na kuendelea wana ulemavu. Mpango huo huwatumia vijana wenye ulemavu wenyewe kuwaendea waajiri, kukagua milango, vyoo na fomu zao, na kuwaeleza cha kubadilisha. Mwajiri anayekaguliwa jengo lake na mtu wa kiti cha magurudumu huwa tayari ameshamwona mtu huyo akifanya kazi.

Kutoka Jinja nilikatisha Musita kwenda Buluba, wilayani Mayuge, kwa sababu nisingeweza kuandika juu ya ulemavu na kazi katika eneo hili la Busoga nikaiacha Buluba. Masista Wafransisko wa Mama Kevin walianza kuwahudumia wagonjwa wa ukoma hapo mwaka 1934. Mwaka 1951 akaja daktari wa Kipolandi, Wanda Błeńska, akakaa zaidi ya miaka arobaini. Watu wanamkumbuka kwa jambo moja kuliko mengine: aliwapima wagonjwa kwa mikono mitupu, mbele ya macho ya watu, ili hofu ivunjike. Alifariki Poland mwaka 2014 akiwa na umri wa miaka 103.

Ukoma hula hisia kabla ya vidole. Mkulima aliyepona kwa dawa, lakini nyayo zake hazihisi, hukanyaga mwiba au kisiki na kuendelea kulima mpaka jioni, kidonda kikazama hadi mfupani. Kinachomrudisha shambani salama ni kiatu: soli laini kwa ndani ya kusambaza uzito, soli ngumu kwa chini ya kuzuia miiba, na vyote vishonwe au vigundishwe, kwani msumari mmoja ukichomoza hatausikia. Fundi wa viatu hivyo ni mtu wa ajira kama alivyo afisa yeyote wa kazi. Mzee mmoja niliyemkuta njiani, mikono yake imefupika, alinionyesha viatu vyake kwa fahari kisha akanionyesha mihogo yake. Aliniambia kwa Kiswahili alichojifunzia zamani kwenye mashamba ya miwa: "Hiki kiatu ndiyo jembe."

Njia ya Mbale inaachana na ile ya Busia baada ya Iganga, pale Nakalama. Inapita Namutumba, inashuka kwenye mabwawa ya mto Mpologoma yenye mpunga, halafu Tirinyi, Kibuku, Budaka. Nilipanda matatu, ambayo wenyewe huiita teksi, pamoja na msichana mwenye kiti cha magurudumu anayekwenda Mbale kwa dada yake. Konda alitaka alipe nauli yake na nauli ya kiti. Kiti kilikuwa kimekunjwa nyuma, juu ya magunia yetu sote, ambayo hayakulipiwa. Abiria walimtetea, mama mmoja akisimama kabisa na kukataa gari liondoke, na konda akakubali nusu. Msichana alilipa bila neno. Baadaye aliniambia kwamba alipata kazi ya kupokea wageni katika ofisi moja mjini, akaiacha: nauli mbili kwenda na mbili kurudi zilimaliza zaidi ya nusu ya mshahara. Takwimu za ajira zitamhesabu kuwa aliacha kazi kwa hiari.

Kibuku ni wilaya ndogo, ila ndiko Rais Museveni alikozindulia mpango wa maendeleo wa parokia, tarehe 26 Februari 2022. Parokia hapa ni eneo la utawala, kama kata kwetu. Kila moja hutengewa shilingi milioni 100 za Uganda kwa mwaka, na asilimia 10 ni za watu wenye ulemavu. Mkopaji hupata hadi milioni moja kwa riba ya asilimia 6. Fungu hilo ni la maana kwa watu ambao benki huwaomba dhamana wasiyokuwa nayo. Ila fedha hupitia vikundi vilivyosajiliwa, na mtu asiyekuwa kwenye kikundi, aliyefichwa chumbani au asiyejua mkutano unafanyika lini, atazisikia zikipita barabarani. Hapo kazi ya wahudumu wa mtaa inakuwa ni kugonga milango.

Mbale iko chini ya mwamba wa Wanale, na mvua ikinyesha maporomoko hujichora juu ya jiwe jeusi, mistari myeupe unayoiona ukiwa katikati ya mji. Nyuma yake ni Mlima Elgon na kahawa yake. Watu husalimiana "Mulembe", na Kiswahili kinasikika zaidi kuliko Jinja. Nilikula malewa, yaani machipukizi ya mianzi, kwa mchuzi wa karanga kwenye mkahawa mdogo karibu na mnara wa saa, na jioni hiyo hiyo nikapelekwa kumwona kijana niliyekuwa nikimtafuta.

Ili aeleweke, lazima nitaje hospitali. Barabara ya Bugwere ina hospitali ya watoto ya CURE, iliyofunguliwa mwaka 2001. Daktari Mmarekani Benjamin Warf alikuta watoto wengi wenye kichwa kikubwa, yaani maji yaliyozuiliwa kwenye ubongo, wengi kutokana na maambukizi ya wiki za mwanzo za maisha. Matibabu ya kawaida duniani yalikuwa kuweka mrija wa kupeleka maji tumboni. Mrija huo huziba, na ukiziba mtoto huhitaji upasuaji haraka. Kwa mama wa kijijini Karamoja au Bugisu, haraka hiyo haipo. Warf na wenzake wa Mbale wakaendeleza njia nyingine: kwa kamera nyembamba, kutoboa tundu ndani ya ubongo ili maji yapate njia, na kuunguza tishu inayoyatengeneza. Watoto wengi wakaondoka bila mrija. Njia hiyo ilitoka Mbale kwenda duniani, na mwaka 2012 Warf alipewa tuzo ya MacArthur. Kilichonivutia ni fikra iliyokuwa nyuma yake: tiba ipimwe kwa umbali wa nyumba ya mgonjwa.

Waliotibiwa miaka ile ya mwanzo, kwa kichwa kikubwa au mgongo wazi, sasa ni watu wazima. Wamepona, wanataka kazi, na hakuna aliyewaandalia. Kijana wangu ni mmoja wao. Alizaliwa na mgongo wazi, miguu yake haina nguvu, anatembea kwa magongo hatua fupi fupi. Anatengeneza simu kwenye kibanda cha mbao upana wa mlango. Vidole vyake ni vya ajabu. Nilimwona akibadilisha tundu la chaji la simu ya mteja huku akimweleza mwingine kwa nini betri yake imevimba.

Nilimuuliza nini kilichokuwa kigumu kuliko vyote. Alinyamaza, akamtazama mhudumu wa jamii aliyetuongoza, mama wa makamo ambaye amemjua tangu akiwa mdogo. Mama akasema, "Mwambie, baba. Ndiyo wanayopaswa kuyajua."

Ni choo. Mtu wa mgongo wazi aghalabu hana hisia za kibofu. Bila utaratibu, mkojo humtoka, na shuleni huwa ndiye anayechekwa, kazini ndiye asiyerudi kesho yake. Utaratibu wenyewe ni rahisi: kila baada ya saa chache, mpira safi wa mkojo, mikono iliyooshwa, dakika kadhaa za faragha. Mama huyu ndiye aliyemfundisha, kwanza akimfundisha mzazi, halafu mtoto mwenyewe alipofika umri wa kujua kusoma saa. Alimaliza shule kwa sababu hiyo. Alipopata nafasi ya kujifunza simu kwa fundi mmoja mjini, mama alikwenda kwanza peke yake kukagua kama kuna choo chenye komeo na maji karibu. Hakukuwa na komeo. Alilinunua.

Nimehudhuria makongamano kadhaa ya ajira kwa watu wenye ulemavu. Sijawahi kumsikia mtu akiliweka komeo la choo kwenye bajeti.

Kibanda alichonacho sasa kilitokana na kikundi, na kikundi nacho nilikihudhuria, Namatala, upande wa mji wenye nyumba za kubanana ambako mito ikifurika, kama ilivyofurika Julai 2022, maji huingia ndani. Wanakutana chini ya mwembe: watu wenye ulemavu na wazazi wa watoto wenye ulemavu, waliokaa kwa duara juu ya mikeka na mabenchi. Katikati ni sanduku la chuma lenye kufuli tatu; funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, na mmojawapo haoni. Njia hii ya kuweka na kukopa inajulikana kote Afrika Mashariki, na NUDIPU kwa msaada wa chama cha watu wenye ulemavu cha Norway iliieneza miongoni mwa wanachama wake kwa jina la iSAVE. Katika vikundi vingi vya kawaida, mtu mwenye ulemavu hukataliwa, tena kwa upole: wanasema hawataki kumbebesha deni. Hapa deni ni haki yake.

Niliangalia jinsi wanavyohakikisha kila mmoja anafuata. Kabla sanduku halijafunguliwa, katibu huuliza kwa sauti: mkutano uliopita tulifunga na kiasi gani? Wote hujibu pamoja, kwa kumbukumbu. Kwa viziwi wawili waliokuwapo, dada mmoja alikuwa akionyesha tarakimu kwa vidole. Fedha zikahesabiwa mara mbili, mara ya pili na yule asiyeona, kwa kuzigusa noti moja moja na kuzitaja. Alikosea noti moja, akarekebishwa, akaendelea. Asiyekuwa na hisa siku ile aliwekewa alama bila kuulizwa sababu. Mama mmoja alitozwa faini ya kuchelewa, akalalamika kwamba ameletwa na boda iliyopata pancha, na mjadala ukawa mkali kama ungekuwa wa kikundi chochote cha akina mama wa Mbale. Hakuna aliyesema tumhurumie. Nilifurahi mno kuona hilo.

Nilimuuliza mwenyekiti, aliyekuwa mwalimu kabla ajali haijamchukua mguu, kwa nini kikundi kimedumu. Alisema mwanzoni walipewa fedha na mradi mmoja, kikavunjika. Waliporudi kwa hisa zao wenyewe, hata ndogo, wakaanza kuchungana. Walipokuwa imara ndipo walipoomba fedha za serikali, wakapata, wakazigawa kwa utaratibu ule ule wa sanduku. Lakini aliongeza jambo ambalo sitaki lipotee: yule mama wa huduma za jamii huja kila mkutano wa mwezi, hashiki fedha, hasemi mengi, na mkopaji aliyekwama huenda naye nyumbani kwake kuona kilichokwama. Wakati mwingine ni mteja asiyelipa. Wakati mwingine ni gongo limevunjika na hakuna aliyejua.

Siku ile ombi la fundi simu lilikuwa la tatu kwenye orodha. Alitaka shilingi laki nne za mashine ya hewa moto ya kubandulia na kubandikia vipande vidogo kwenye bodi ya simu, ili kazi hizo asiwe anazipeleka kwa fundi mwingine na kugawana faida. Walimhoji. Umeme ukikatika? Ana mteja mwenye jenereta jirani. Mkopo wa kwanza? Ameumaliza, kitabu hiki hapa. Atapata wapi muda, na kazi zimeshamjaa? Hapo akasema amechukua mwanagenzi, kijana mzima wa miguu kutoka Nkoma, aliyemaliza shule na hana la kufanya.

Mwenyekiti akauliza mwanagenzi atalipa nini. Fundi akajibu kwamba atalipa nusu ya ada kwa sababu mama yake muuza nyanya hana uwezo, na nusu nyingine ataifidia kwa kazi: kufungua kibanda asubuhi, kuchota maji ya chooni na kupeleka simu kwa wateja wa mbali. Baada ya miezi sita ataanza kupata asilimia ya kila simu anayotengeneza mwenyewe. Dada mmoja akataka waandikiane, wasije wakagombana. Ikakubaliwa. Mikono ikainuliwa, ya viziwi ikipepea hewani kama wanavyopiga makofi wao, na mwenye ufunguo wa tatu akaitwa aje afungue.